Utumbo Uliovuja Kila Jumatatu

Wakati wa corona nilikuwa daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya Isiolo, na upasuaji niliotumwa kujifunza ulikuwa umesimama karibu wote. Semina ya kushona iliyokuwa ifanyike Nairobi ilifutwa. Daktari wetu bingwa wa upasuaji naye akaambukizwa, akajifungia nyumbani kwake Burat, akawa ananifundisha kwa simu huku akikohoa.

"Nunua matumbo ya mbuzi," aliniambia. "Kata, unganisha, kisha tia maji. Likidondoka hata tone moja, sindano hutaishika thieta."

Hakuwa anatania. Daktari aliyebaki hospitalini hangeweza kuunganisha utumbo wa mtu peke yake. Alihitaji mwenzake wa kushona. Hadi nifaulu, kila mgonjwa wa aina hiyo angepakiwa kwenye ambulensi apelekwe Meru.

Matumbo niliyanunua kwa mama mmoja wa Kiborana karibu na kichinjio. Yalikuwa meupe, yamekwanguliwa, safi kuliko sahani zangu. Kila Jumatatu niliegemeza simu kwenye mkebe wa majani ya chai, nikavaa glavu, nikashona. Sauti ya mwalimu ilikuja ikikatika: "Chukua nyama nyingi ya nje, kidogo ya ndani." Nikachukua. "Safi. Tia maji." Nikatia. Yakatiririka.

Wiki ya kwanza nililaumu uzi. Ya pili nililaumu mikono yangu. Ya tatu nililia, nasema ukweli, nimeinamia sinki na kipande cha utumbo wa mbuzi mkononi. Nilikuwa nafanya kila nililoambiwa. Mwalimu alikuwa ananiona, kadiri mtandao ulivyomruhusu, na hakuona kosa. Sasa maji yalipita wapi? Nilianza kushuku kwamba nilidanganya mahali fulani katika miaka yote ile ya chuo, ila sikumbuki wapi.

Jumatano ya wiki hiyo aliletwa mchungaji wa mifugo kutoka Korbesa, amepigwa teke la tumbo na ngamia, utumbo umepasuka. Yule daktari aliyebaki aliniangalia juu ya barakoa.

"Jumatatu ilikuwaje?"

"Ilivuja."

Akaenda kuita ambulensi. Ilirudi mapema mno. Mchungaji hakufika Meru.

Kesho yake nilimwendea yule mama nikiwa na hasira ambazo hazikuwa na mwenyewe.

"Salaam aleikum, daktari. Nusu kilo?"

"Mama, matumbo yako ni mabovu. Yanavuja."

Alinikazia macho kama niliyetukana ukoo wake. "Yangu? Hii mimi naosha mara tatu! Nakwangua, nageuza, nakwangua tena."

"Unageuza?"

"Si lazima? Sasa mavi itatoka aje? Ya ndani inakuja nje, ndio naosha. Nauza hivyo."

Kwetu tunakula matumbo kila sikukuu. Mamangu huyageuza vivyo hivyo, kwa kijiti. Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote, na bado nilishona ndani nikidhani ni nje. Sindano yangu ilibeba nyama nyingi palipo laini, pasiposhika uzi, na kidogo palipo na nguvu.

Nilimwomba utumbo ambao haujageuzwa. Alikataa katakata. "Nikuuzie mavi? Watu watasema nini?" Nilimbembeleza mpaka akanifungia kipande kwenye gazeti, akanisukumia huku anatazama kando, kama asiyenijua.

Jumatatu nikashona. Nikatia maji. Halikudondoka hata tone. Mwalimu alipiga makofi, na nilipomweleza habari ya kugeuzwa alicheka mpaka akaishiwa pumzi. Nilicheka naye kidogo tu.

Mama yule simlaumu. Aliuza chakula kisafi. Mwalimu naye simlaumu. Kwenye kile kioo kidogo cha simu pande zote zilifanana. Sijui hata kama mkono wangu ungemwokoa yule mchungaji. Kujilaumu nimejaribu, nikashindwa kujua nianzie wapi, na kuacha pia nimeshindwa.

Siku hizi nimezoea thieta. Lakini kabla ya kushona utumbo wa mtu huupapasa kwanza, nikauliza kwa sauti, "Nje ni wapi?" Manesi hucheka. Mimi husubiri mpaka mmoja wao anijibu.