Fimbo ya Kushoto ya Mama Peniel

Mimi ni fundi cherehani, naitwa Dorika, na kibaraza changu pale mtaani Utemini kilipakana ukuta kwa ukuta na chumba cha gemu cha Yasinta, mama Peniel. Nayasema haya mapema ili mtu asije kuniuliza nimeyajuaje. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na yaliyobaki niliyasikia, maana ukuta wenyewe haukuwa na lipu.

Yasinta alikuwa opareta wa simu katika shirika moja la umma. Miaka ile mashirika yalipouzwa na wafanyakazi kupunguzwa, wenzake wengi walichukua kiinua mgongo wakafungua genge la nyanya, wote mtaa mmoja, ikawa kila mtu anauza na hakuna wa kununua. Yeye alikwenda Dar es Salaam akarudi na mashine ndogo ya gemu, ile ya kuchezea nyumbani kwa pedi mkononi, pamoja na fimbo mbili na vitufe vilivyong'olewa kwenye mashine kubwa ya hoteli iliyofungwa. Mumewe, Zefania, alikuwa kazini reli, Itigi. Aliporudi likizo alikuta sebule imekwisha kuwa duka, akakaa jikoni bila ubishi. Mwanamume mwenye akili yule.

Seremala alimchongea kabati refu la mninga. Televisheni ilikaa juu, fimbo na vitufe vikakaa kifuani, kushoto mchezaji mmoja na kulia mwingine. Kazi ya waya aliifanya mwenyewe. Alifungua pedi mbili, akavuta waya kutoka kwenye bodi zake mpaka kwenye kila swichi iliyokuwa chini ya fimbo na vitufe. Ukisukuma fimbo inabonyeza swichi, tiki, na mtu wa kwenye televisheni anasogea. Vijana waliacha kushinda stendi wakahamia kwake, na mimi nikapata wateja wa kukata suruali zao za mitumba.

Basi ukaingia ule mwezi wa Julai wenye upepo wa kuchana midomo. Ilitakiwa apatikane kijana mmoja wa kuiwakilisha Utemini kwenye mchezo wa kupigana, dhidi ya vijana wa Majengo. Waliobaki walikuwa wawili: Gasto, muuza nyama, na Paulo, muuza mitumba mwenye mdomo mrefu kuliko suruali anazouza. Paulo alisimama kushoto. Kwenye mchezo ule, aliye kushoto akitaka kukinga ngumi lazima avute fimbo nyuma, yaani kushoto. Paulo alivuta na kuvuta, mtu wake akasimama tu kama anayesubiri basi, akapigwa mpaka akalala.

Akageuka, akasema mbele ya chumba kizima, "Mama Peniel, fimbo hii umeichezea. Gasto anakuletea nyama, mimi nakuletea nini?"

Kilio hicho kikawaamsha wengine. Huyu akasema naye wiki hiyo alifungwa kushoto, yule akasema hata yeye. Chumba kikawa na minong'ono. Mimi nikainuka na mkasi mkononi, lakini Yasinta alinitazama nikakaa. Alijua kinachopotea pale. Kabati likiharibika linatengenezwa, ila mwenye gemu akishaitwa mwizi na watu wakaamini, hata afunge mashine ya dhahabu hakuna atakayeingia.

"Umeniita mwizi mbele ya watu," alisema, sauti ileile ya kuunganisha simu. "Sitalifungua kabati hili peke yangu mkaja kusema nimeficha kitu. Saidieni kulitoa nje. Tutalifungua mbele ya hao hao."

Mficha uchi hazai. Wakalibeba wanne, wakaliweka kwenye kibaraza changu, waya wa umeme ukapitia dirishani. Mama mkwe wake, bibi Elizabeti, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini Ulemo kwa ajili ya kliniki ya macho, alisogeza kigoda chake akaendelea kumenya karanga.

Yasinta hakuanza na bisibisi. Alikwenda nyuma ya mashine akabadilisha plagi, ya kushoto akaichomeka kulia na ya kulia kushoto. "Paulo, shika fimbo ile ile. Sasa unamwongoza mtu wa kulia. Mpeleke kushoto."

Mtu wa kulia akarudi nyuma vizuri, akaruka vizuri, lakini kwenda kushoto akagoma.

"Kwa hiyo mashine haina ubaya na mtu yeyote," alisema Yasinta. "Ugonjwa umeifuata fimbo."

Akafungua skrubu, akakifunua kifua cha kabati. Waya zilikuwa zimefungwa kwa mafungu mazuri kama nywele za binti siku ya Jumapili. Akazivuta moja moja, hakuna iliyolegea. Akaweka tester, ile inayolia umeme ukipita, kwenye swichi ya kushoto na kuibonyeza kwa kidole. Swichi ikashuka, haikulia tiki, tester nayo kimya. Kisha haikupanda. Ilibaki chini imenata.

Akaing'oa, akainusa. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuinusa pia, na sikuhitaji kuambiwa. Mafuta ya alizeti, yaliyochanganyika na vumbi letu la Julai yakawa gundi. Hata cherehani yangu nimewahi kuikuta hivyo, baada ya wageni kutoka kijijini kunifanyia wema. Kwetu mlango ukilia unatiwa alizeti, baiskeli ikilia inatiwa alizeti, na goti likilia vilevile. Kabati lilikuwa limeinama kidogo kushoto kwa sababu ya sakafu, ndiyo maana mafuta yote yakakimbilia swichi ile moja.

Yasinta hakumtazama mama mkwe wake. Ndipo nilipojua kwamba amekwisha kumjua aliyeyatia.

"Nini hicho?" aliuliza Gasto.

"Mafuta. Yametiwa kwa juu, kwenye shina la fimbo."

"Na nani?" Paulo alipaza sauti. "Mtaje."

Angemtaja, jina lake lingesafishika papo hapo, lakini mama wa mumewe angeaibishwa mbele ya vijana wa mjini na habari ingefika Ulemo kabla ya basi. Asingemtaja, Paulo angepata alichokitaka.

"Ni mkono wa nyumba hii," alisema. "Kwa hiyo hesabuni ni mimi."

"Mmesikia wenyewe," Paulo aliwaambia watu, na wawili watatu wakaanza kuondoka.

Bibi Elizabeti aliweka ungo chini, akasimama. "Wewe kijana, mafuta ni yangu. Nimeyakamua mwenyewe na ni safi. Kile kijiti kilikuwa kinalia kama mlango wa ghala, hiki kingine hakilii, nikakitia hicho kinacholia. Kama kosa, ni langu. Huyu mke wa mwanangu amekubali kuitwa mwizi ili mimi nisiaibike. Wewe unaweza kumfanyia mama yako hivyo?"

Waliokuwa wanaondoka walirudi. Paulo alikumbuka ghafla kwamba tangu aingie hakuwa amemsalimu. "Shikamoo, bibi," alisema.

"Marahaba. Sijamaliza."

Wakati bibi anamalizia, Yasinta aling'oa swichi nzima kutoka kwenye kitufe cha pembeni ambacho hakuna mchezo uliokitumia, akaifunga mahali pa ile iliyonata. Akaifuta fimbo kwa kitambaa chenye spiriti, akarudisha plagi mahali pake. Tiki. Ilisikika mpaka barabarani.

"Mechi ile imefutwa," alisema. "Paulo, chagua upande."

Akachagua kushoto, na hapo nilimheshimu kidogo. Safari hii mtu wake alikinga, akarudi, akaruka, akapigana kiume. Akafungwa tena na Gasto, kwa shida, lakini akafungwa. Kibaraza kizima kikamgeukia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Paulo aliachia fimbo, akamgeukia mwenye kabati. "Nimefungwa kihalali," alisema. "Mama Peniel, nilikuita mwizi mbele ya watu. Naomba radhi mbele ya watu hao hao."

"Nimepokea," alisema Yasinta, akikaza skrubu ya mwisho. "Mpishe mwenzio acheze."