Kuku Viwete Niliowaacha Darini

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na jana uliponisimulia kazi yako huku ukicheka, ilinirudia. Nina hasira nawe. Keti unisikilize.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane. Shangazi yangu, mjane, alifuga kuku wa kizungu darini kwake hapa Mji wa Kale, akiwauza kwenye maharusi. Kuku hao ndio waliomlisha yeye na wanawe. Alipobadilisha chakula chao, baadhi wakaanza kuchechemea. Akaniambia, "Wachukue sita, yeyote utakayemtia mkononi, uwapeleke kwa daktari wa mifugo Ganjoni awapige picha ya mifupa. Akisema chakula kibovu, nakitupa leo leo."

Nami, kwa ujinga wangu, nikachagua. Sisi, wajua, mgeni hatumtandikii jamvi bovu. Nikaona haya kumpelekea yule daktari, mtu wa bara, viwete kutoka nyumba ya heshima. Nikabeba sita waliosimama imara.

Picha zikatoka, mifupa myeupe, imeshiba. Daktari akasema chakula hakina kasoro. Shangazi akamshukuru Mungu, akaendelea kuwalisha kilekile.

Wiki mbili baadaye, tukiwakamata kwa ajili ya harusi, miguu ikawa yavunjika mikononi mwetu. Karibu wote walikuwa chini, hawainuki. Shangazi alilia, kisha akamlaani daktari mbele ya majirani. Nami nikaendelea kuwakusanya kuku, kana kwamba hayanihusu.

Daktari akaja mwenyewe. Akachukua kiwete mmoja, akaenda kumpiga picha, akarudi nayo: mfupa hafifu, wa kijivu kama moshi. Akaniita ngazini.

"Wale sita uliwachagua?"

Nikainamisha kichwa.

"Binti, nilitaka kuku, ukaniletea mapambo. Hao uliowaonea haya ndio waliokuwa na habari."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, walisema wazee. Lakini niliyeficha ni mimi, na aliyeumbuka ni shangazi. Nilipomwambia kweli hakunipiga, hata hakunikemea. Aliniambia tu nisiwashike tena kuku wake, na kuku wenyewe hakuwa nao tena.

Sasa wewe, msomi mzima, una mashine ya kuona mfupa ungali ndani ya nyama, umepewa chakula kipya cha kuku ukipime, wajisifu kuwa umewatoa vifaranga wanaochechemea ili ripoti ipendeze. Wajane wangapi watanunua chakula hicho kwa kukuamini wewe? Wallahi umeniudhi, na sitakuficha.

Rudi bandani leo. Wapige picha wale uliowatoa, uandike ulichokiona, hata mwalimu wako akinuna. Ukipima, mshike anayekuja mkononi, usimchague akupendezaye. Aibu ya kuku kiwete ni ya siku moja. Ya kumponza anayekuamini utazeeka nayo, kama nilivyozeeka nayo mimi.

Mungu akutie haya ya kusema uwongo, akuondolee haya ya kusema kweli. Amina. Haya, inuka uende.