Ng'ombe Waliojua Mlio wa Mashine

Mashine ile ilinipiga siku ya kwanza nilipoishika. Ilikuwa ya dizeli, nzito, na iliwashwa kwa kuzungusha hendeli. Mjomba alikuwa amenionya: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisiuzunguke ule mpini. Nikasahau. Mashine ikakohoa, hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu kama teke la punda, na dole gumba likalia kama kijiti kikavu. Nilikaa chini, nimelikumbatia tumboni. Mjomba alicheka mpaka akaegemea bomba la maji.

“Sasa mmejuana,” akasema. “Inuka. Washa kwa mkono wa pili.”

Mpaka leo dole hilo halikunji sawasawa. Nimepita miaka arobaini na nimehama miji mingi kuliko viatu, lakini kila baridi inaponishika mahali popote, dole hunikumbusha Isiolo.

Tulimwita Mjomba kwa Kisomali, Abti. Ukoo wetu ulitokana na askari wa zamani wa wakoloni, na baada ya bunduki wanaume wetu waliingia kwenye malori. Abti aliendesha lori la barabara ya Moyale mpaka siku ile majambazi walipowavizia, wakampiga risasi utingo wake akiwa kwenye kiti cha pembeni. Aliendesha hadi mjini na maiti imemlalia begani. Akashuka, akaosha shati lake mtoni, akaapa hatapanda tena lori la kwenda kaskazini. Mashine aliitoa kwenye kinu kilichofungwa, akaifunga kwenye pampu kando ya Mto Isiolo, akapanda ndizi. Migomba ile ndiyo iliyosimama kati yake na barabara. Ikifa, hakuwa na kazi nyingine anayoijua ila ile ya lori.

Kabla ya mashine, watu wa pale walibeba maji kwa punda na kwa mgongo. Abti aliwadharau. “Mimi mkono wangu ni wa hendeli, si wa ndoo,” alisema. Dizeli aliipata kwa jamaa zake wenye malori, nasi tuliivuta kwa mpira kutoka tangini, mdomo ukibaki na ladha yake mpaka chakula cha jioni.

Kitu alichokosa ni samadi. Ng'ambo ya mto alichunga mzee mmoja wa Kiturkana, mkazi wa Chechelesi, mwenye ng'ombe wengi kiasi. Wakapatana: mashine ikiwaka, maji ya kwanza yaingie kwenye hori la udongo, ng'ombe wanywe, na samadi wanayoacha ibaki kwa migomba. Hakuna aliyewaita ng'ombe. Mashine iliwaita. Baada ya muda, nikizungusha hendeli tu na moshi wa kwanza kutoka, walikuwa tayari wanateremka kingo, na mbele yao maksai mweupe mwenye kengele ya mbao shingoni. Mzee huyo alijiita kwa jina la maksai wake, kama ilivyo desturi ya kwao. Pembe zake alizipinda mwenyewe tangu ndama, moja mbele, moja nyuma.

Abti alimwita yule mzee Ejok, kwa salamu yao. Naye mzee alimwita Abti “Wariya”, kama Wasomali wanavyoitana.

“Wariya, mashine yako inajua Kiturkana. Ng'ombe yangu inaelewa yote.”

“Wewe Ejok, ng'ombe yako ndiyo imesoma. Wewe bado.”

Walicheka, wakagawana tumbaku.

Kisha mvua ikakosa, na ikakosa tena. Mto ukawa mchanga. Tulichimba kisima katikati ya mkondo wake, tukashusha bomba humo, na maji yaliyojikusanya usiku kucha yalitosha migomba, au yalitosha ng'ombe. Hayakutosha vyote viwili. Mikungu ilikuwa imeshaning'inia, imebakiza wiki chache kukatwa. Abti alienda ng'ambo kusema na mzee. Nilifuatana naye.

“Usilete ng'ombe tena mpaka mvua.”

“Mimi silete. Wewe unaita, wao wanakuja.”

“Basi wafunge!”

“Ng'ombe ya kiu unafunga na nini? Na mdomo yako?”

Tukajaribu kuinyamazisha mashine. Tuliufunika mdomo wa bomba la moshi kwa magunia yaliyolowa. Yakakauka, yakashika moto, yakaniunguza mkono. Tukajaribu ndoo. Abti aliyedharau ndoo alibeba ndoo mpaka mabega yakachubuka na nzi wakaandamana nayo, na bado majani ya migomba yalianza kuwa manjano kuanzia pembeni. Asubuhi moja aliipiga ndoo teke mpaka ikabonyea. Tukakata miiba, tukazungusha boma la kimo cha mtu, mara mbili. Abti alipata habari kwamba mzee amehamishia mifugo upande wa Ngare Mara. Jua lilipofika utosini akanipa hendeli.

“Washa. Ng'ombe hawana masikio ya kufika huko.”

Niliwasha. Maji yakatoka mazito, ya udongo, yakaingia mtaroni, na Abti akapiga magoti akayapapasa kama mtu anayempapasa mtoto mgonjwa. Hapo ndipo niliposikia kengele ya mbao. Hawakuwa Ngare Mara. Walikuwa wamelala chini ya vichaka vya ng'ambo, na mashine iliwaamsha.

Walikuja mbio, mbavu nje, ndimi zimevimba. Ng'ombe wa kwanza aliingia kwenye miiba na hakurudi. Waliomfuata walimkanyaga wakapita juu yake. Boma likafunguka. Mgomba wa kwanza ulianguka na mkungu wake, wa pili, kisha sikuona tena mgomba ila migongo na vumbi. Nilimpiga mmoja usoni kwa hendeli, damu ikamtoka puani, naye akaendelea kunywa damu na maji pamoja mtaroni. Maksai mweupe alisimama juu ya bomba, akalipasua kwa kwato.

Abti alichukua panga. Alipiga kelele kwa Kisomali, maneno niliyoyasikia mara moja tu kabla ya hapo, siku ile aliposhuka kwenye lori na maiti. Akamkata maksai mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, pale penye mshipa mnene. Mnyama akakaa chini kama binadamu. Akamkata tena shingoni, pembeni ya kengele.

Mzee alitokea kwenye vumbi bila kupaza sauti. Rungu lilishuka mara moja kwenye mkono wenye panga, na mlio wake niliujua. Dole langu liliwahi kulia vivyo hivyo. Akaliinua tena, kichwani mara hii. Nikamrukia kiunoni, tukaanguka wote kwenye tope. Alinuka maziwa na jasho. Hakunipiga. Alinisukuma kama nguo, akatambaa hadi kwa maksai, akaweka kiganja kati ya zile pembe alizozipinda mwenyewe.

“Wariya,” akasema, “umeniua.”

Kisha akainuka, akachukua mkuki wake, akammaliza maksai.

Mashine iliendelea kunguruma. Hakuna aliyekumbuka kuizima. Ilinyonya kisima mpaka tope, ikanyonya mchanga, ikasaga kwa sauti ya meno, ikakwama.

Kwenye ukimya ule Abti aliokota panga kwa mkono wa kushoto. Nikadhani anamwendea mzee. Alimpita. Akaanza kukata migomba iliyobaki, mmoja mmoja, akilia, mkono uliovunjika ukining'inia. “Kuleni!” aliwapigia ng'ombe kelele. “Si mlitaka? Kuleni yote!” Vigogo vya migomba vimejaa maji, na ng'ombe wakavirukia, povu likiwatoka. Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kupasua vigogo kwa ncha ya mkuki na kuwasogezea waliolala chini wasioweza kuinuka. Kufika alasiri hapakubaki mgomba.

Mkono wa Abti ulipona umepinda, usukani haukuuweza. Jamaa zake wakampa nafasi juu ya mizigo, kama mlinzi, kwenye lori la Moyale. Nilimsindikiza hadi kizuizi cha barabara. Alipanda juu ya magunia, akajifunga kilemba usoni, macho yakawa yaleyale ya siku ya maiti. Dereva akawasha, moshi mweusi ukatoka.

Kando ya barabara, ng'ombe wachache waliotokeza mbavu waliinua vichwa. Wakaanza kutembea nyuma ya lori, kisha kukimbia, na mzee wa Kiturkana akawakimbilia, akiwachapa nyusoni kwa fimbo, akiwarudisha, nao wakimzunguka na kulifuata tena. Abti aliwatazama kutoka juu ya magunia mpaka vumbi likawafunika wote.