Ile Chupa kwa Friji ya Mama Adhiambo

"Toa hiyo kifo yako kwa friji yangu."

"Mama Adhiambo, si jana ulisema niweke hapo nyuma ya maziwa?"

"Uliniambia ni dawa. Hapa imeandikwa Hepatitis B. Mzee wangu alikufa na hiyo kitu, manjano kama embe."

Ploti yetu yote hapa Kware ilikuwa imejaa kwa ngazi kuskiza.

Mimi hubeba mizigo na pikipiki. Jana nilipewa kaboksi ka barafu, chupa ndani, nipeleke maabara fulani huko mtaa wa Baba Dogo, nikapata wamefunga. Juu imeandikwa ibaki baridi.

Friji najua ni moja, ya Mama Adhiambo wa duka. Shule niliacha mapema, maneno ingine sikusumbuka nayo.

Sasa alikuwa anamwaga maziwa kwa mtaro akisema nimemmalizia wateja.

Mbaya zaidi, bibi yangu Muthoki ana mimba, na alikuwa amekunywa mala, yale maziwa ya kugandishwa, ya hapo dukani asubuhi.

Lakini ni yeye alinitetea. Aliwaambia bwanake ni mjinga, si muuaji. Nilimpenda sana hapo.

Mama Adhiambo akasema hafungui duka mpaka tupimwe. Tukabeba chupa, sisi watatu, hadi Baba Dogo.

Khalayi, dada wa maabara, aliiangalia akacheka. Sisi tukanuna.

"Hii ni protini ya ganda la kirusi, kile kidudu cha ugonjwa. Imetengenezwa na hamira, ndugu ya hiyo ya mkate. Kirusi hakuna. Ni koti, mwenyewe hayuko."

Akasema hiyo ni ya utafiti tu, lakini hata chanjo hutengenezwa na ganda kama hilo, likitayarishwa la kudunga watu.

Mama Adhiambo akaanza kuhesabu na vidole. Nadhani alikuwa anafikiria maziwa yake.

Mimi nikaanza kuringa. Nikamwambia akapike chai ya kuniomba msamaha. Kupimwa tukapimwa tu, kliniki iko hapo kando na tushafika.

Daktari akaniita peke yangu.

Mama Adhiambo hana. Muthoki hana.

Mimi ninayo.

Si ya chupa, chupa haiwezi. Ni ya kitambo, pengine nilizaliwa nayo. Na sijawahi kuumwa hata ini.

Wewe unayesoma hii ukiogopa jirani, enda upimwe. Mimi nilikuwa fiti, nacheka watu.

Nilimwambia Muthoki hapo kwa korido. Akashika tumbo. Mama Adhiambo, yule wa kifo kwa friji, ndiye aliniwekea mkono begani.

"Sikujua," nikasema.

"Najua hukujua," Muthoki akasema.

Nikangoja aongeze kitu. Nesi akatoa kichwa mlangoni, akamwita aje adungwe chanjo, yake na ya kulinda mtoto.

"Nakuja nivae hiyo koti," Muthoki akamwambia.

Nikanyoosha mkono nimshikie mkoba. Akauhamisha bega la pili, akageuka, akaenda.