Misa ya Kiswahili ya Mtakatifu Monika

Kabla Padri Ildephonse hajaletwa parokiani, hakuna mtu wa Mtakatifu Monika aliyewahi kumwona Akilimali amekaa kwenye benchi. Yeye misa nzima alikuwa amesimama. Alisimama mlangoni kuwapokea watu, akasimama karibu na kwaya kuianzishia nyimbo, akasimama ukutani wakati wa mahubiri, mikono nyuma, akiwaangalia watoto wa darasa lake la ubatizo wasije wakasinzia. Alikuwa katekista, lakini mtaani wote walimwita mwalimu, Wakristo kwa Waislamu.

Kwao ni Uvira, upande wa Kongo. Alivuka mpaka wa Gatumba akiwa kijana, vita vya kwanza vya Kongo vilipoanza, akiwa na mke wake Irène na sufuria moja. Walifikia Buyenzi, mtaa wa mjini upande wa Warundi, kwa sababu huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mtu: ya gereji, ya msikiti, ya watoto wakigombana. Kanisa la Mtakatifu Monika lilikuwa pembezoni mwa mtaa, upande wa mto, na Jumapili yake ya kwanza Akilimali alisikia saa tatu asubuhi wakiimba "Bwana utuhurumie" kama walivyoimba kwao. Alilia mbele za watu. Baada ya hapo hakuhama tena.

Parokia yenyewe ilianza kwa Kiswahili. Mapadri wazungu walioijenga, zamani za Wabelgiji, walikuta pale mafundi seremala, wapagazi wa bandarini na makarani waliotoka ng'ambo ya ziwa, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa hiyo. Inasemekana mapadri hao walijifunza Kiswahili barazani kwa mfanyabiashara mmoja Mwomani, muuza nguo, ambaye hakuwahi kuingia kanisani lakini aliwasahihishia mahubiri yao kila Jumamosi. Mjukuu wake, Hamood, bado yuko pale pale; siku hizi anauza vipuri vya magari.

Misa ya Kirundi ilikuja baadaye, na ya Kifaransa baadaye zaidi. Masista walifungua zahanati na shule ya ushonaji. Kisha ikaja miaka mibaya. Mwaka wa sabini na mbili walichukuliwa makatekista wawili na padri mmoja Mrundi, wakapakiwa kwenye lori, na hadi leo familia zao hazijui walipolazwa. Vita vya miaka ya tisini vikaondoa watu nyumba kwa nyumba. Masista waliondoka, zahanati ikafungwa, shule ya ushonaji ikawa stoo ya saruji. Mji ulipoanza kupanda milimani, jimbo likaikata parokia vipande: vigango, yale makanisa yake madogo, vikawa parokia zinazojitegemea, vikaondoka na kwaya zao na wafadhili wao, kama mabinti wanaoolewa siku moja na kumwachia mama nyumba tupu. Wakongo wengi nao walirudi makwao kulipotulia. Misa ya saa tatu ilibaki na wazee wachache waliokaa mbali mbali, kila mmoja na benchi lake.

Padri Ildephonse hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, mwembamba, mwenye haraka. Alimwita Akilimali ofisini baada ya Pentekoste, akamkaribisha kiti, naye Akilimali akajua kwa kile kiti kwamba habari si nzuri.

"Mwalimu, vijana wa Kirundi wanasimama nje. Kanisa haliwatoshi saa nne na nusu."

"Ninawaona, Padri."

"Halmashauri imeomba saa tatu iwe yao. Wale wazee wetu wa Kiswahili wanajua Kirundi wote. Hakuna atakayepotea."

Akilimali alitazama mikono yake. "Kuomba wanajua," alisema. "Lakini mutu akiwa na shida, Padri, analia na lugha ya mama yake."

"Ni kweli," Padri alisema. "Ukiniletea watu, mwalimu, nitawarudishia misa yao. Nakuahidi."

Jumapili iliyofuata Akilimali alikaa kwenye benchi kwa mara ya kwanza. Vijana waliimba kwa ngoma, wakapiga makofi, na kwa haki waliimba vizuri. Hapakuwa na kazi ya yeye kufanya. Alipotoka, Hamood alikuwa barazani kwake akipanga fani belti kwenye misumari.

"Mwalimu, leo sikuwasikia. Mumegoma?"

"Tumekwisha, Hamood."

"Mutu anakwisha akizikwa," Hamood alisema, akamsogezea kiti. Wakanywa chai.

Tangu siku hiyo Akilimali alipata mazoea ya kuingia kanisani mchana, kukiwa tupu. Alipiga magoti mbele ya tabernakulo akaomba neno moja tu: Bwana, niletee watu. Hakuomba afya, hakuomba chakula, ingawa vyote vilipungua nyumbani. Irène, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba na kumkataza kutoka, alimuuliza kila siku anaomba nini muda mrefu hivyo. Akamwambia. Irène akacheka: "Watu watatoka wapi? Uvira iache kazi zake ikuje kukuimbia?"

Vita viliingia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Watu walivuka mto Rusizi usiku na mchana, wengine kwa kuogelea, na redio ikawa inataja namba ambazo masikio yalichoka kuzisikia. Wachache wao walifika mjini. Akilimali aliwapokea, akawatafutia pa kulala, wala hakuwa na wazo lolote moyoni zaidi ya huruma. Lakini mwisho wa mwaka vita viliteremka bondeni mpaka Uvira. Siku hiyo simu ya dada yake Scholastique haikupatikana, wala kesho yake. Barabara ya Gatumba ilijaa magodoro na mbuzi na wazee waliobebwa mgongoni.

Scholastique alifika uani kwa kaka yake jioni moja akiwa na bintiye Prudence, mjamzito, na viatu visivyolingana miguuni. Mume wa Prudence hakuwepo. Akilimali alitaka kuuliza, lakini Irène alimfinya mkono.

"Tulikuya na miguu," Scholastique alimwambia kaka yake, aliyemwita yaya tangu utoto. "Yaya, mi nilikuwa nahesabu milingoti ya umeme, nikasema nikifika ule nitakaa chini. Nikifika, Prudence ananivuta." Alikunywa maji, akaongeza, kana kwamba anaeleza habari ya mtu mwingine: "Bwana yake alibaki kwenye njia. Hatukumuzika. Apana nafasi."

Hakuna aliyelala vizuri nyumba ile. Wiki hiyo hiyo ua wa Mtakatifu Monika ukajaa. Padri Ildephonse alifungua stoo ya saruji, akaisafisha kwa mikono yake mwenyewe, shule ya ushonaji ikawa bweni la akina mama. Hamood naye alitoa ghala lake. Aliwaambia vijana wake wasogeze injini zote ukutani, akatandika mikeka, na mke wake Ghanima akawa anapika ndoo za uji kabla ya alfajiri. Mtu fulani alimnong'oneza Hamood kwamba wale ni Wakristo, pengine watamwachia uchafu. Akamjibu kwamba uchafu unafagiliwa.

Padri alimkuta Akilimali akichota maji bombani. "Mwalimu," alisema, macho yake yamezama kwa kukosa usingizi, "Jumapili saa tatu ni yenu."

Jumapili ile kanisa lilijaa mpaka ngazi za altare. Watu walikaa sakafuni, madirishani, uani chini ya jua. Wengine walikuwa na nguo walizovukia mpaka. Akilimali alivaa kanzu yake nyeupe, akatoka mbele kuanzisha wimbo wa kuingia, akaona mabenchi. Hapakuwa na hata nafasi ya kuweka kiganja. Hapo ndipo sala yake ya mchana ilipomrudia, neno kwa neno, na wimbo ukamtoka kichwani. Mwanamke mmoja wa mbele, aliyembeba mtoto wa mwenzake, ndiye aliyeanzisha badala yake, na kanisa likamjibu kwa nguvu iliyotetemesha mabati.

Walipofika kwenye sala za waamini, Padri aliwakaribisha wataje marehemu wao. Alifikiri ni jambo la dakika chache. Mtu alitaja, akafuata mwingine, kisha wawili kwa pamoja, kisha majina yakawa yanatoka kila upande, na waliokuwa nje wakapiga kelele ili ya kwao yasikike ndani. Padri alisubiri. Mwisho aliketi kwenye ngazi ya altare, akafunika uso kwa kanzu ya misa. Scholastique alitaja la mkwe wake, Jérémie, kwa sauti ndogo, akalirudia, kwa kuwa alidhani halikusikika.

Baada ya misa Akilimali alikwenda kwa Hamood, si kwa Padri. Alimweleza habari ya ile sala yake.

"Niliomba watu, Hamood. Wamekuja."

Hamood aliweka chini boksi la boliti. "Mi niliomba mvua mwaka ule wa ukame. Ikakuya, ikaangusha ukuta wa jirani, ikaua mutoto wake. Nilimuzika mie na baba yake. We unadhani ni du'a yangu?"

"Sijui."

"Hata mi sijui," Hamood alisema. "Nilimuuliza shehe, akaniambia maneno mazuri. Lakini sikulala."

Jibu hilo halikumtuliza Akilimali, ila lilimfanya asijione peke yake, na kwa muda fulani hilo lilitosha.

Misa ya saa tatu ilidumu majuma machache tu. Serikali ilikuwa imekwisha amua kwamba wakimbizi hawatakaa mjini. Malori yalikuja asubuhi, watu wakaandikishwa, wakapandishwa, wakapelekwa kambini mashariki ya nchi, mbali na mpaka. Scholastique hakutaka kuachana na wenzake wa Uvira, na Prudence alikuwa ameambiwa kambini kuna wauguzi. Akilimali alizunguka malori akimpa kila mtu neno, mpaka lori la mwisho likawasha injini. Ndipo alipomwona mwanamke yule aliyeanzisha wimbo, amekaa juu ya mzigo wake. Mwanamke akamwita: "Mwalimu, kule nani atatuombea?"

Alikwenda nyumbani moja kwa moja. Irène alikuwa ameketi mlangoni, miguu juu ya stuli.

"Usiniambie," alisema mke wake. "Ninaona uso wako."

"Ninakwenda nao, mpaka Prudence azae."

"Miaka yote hii we umelioa lile kanisa. Mi nilikuwa mgeni tu." Hakulia. Alimwonyesha ufunguo wa sanduku ulipo, achukue blanketi.

Kambi ilikuwa kilimani, hema baada ya hema, bila mti. Mvua iliponyesha, udongo mwekundu uliingia mpaka kwenye sahani. Padri wa parokia ya karibu, mwenye vigango vingi na pikipiki mbovu, alifika alipoweza, na siku nyingine zote kazi ikawa ya Akilimali. Alisalisha Jumapili chini ya turubai. Alifundisha ubatizo. Aliwatembelea wagonjwa, kisha, kipindupindu kilipoingia, akawa anawazika. Alizishika sala za mazishi kichwani, kwa kuwa kitabu chake kililowa kikaganda.

Prudence hakufika siku zake. Kipindupindu kilimshika asubuhi, na jioni alikuwa amekwisha, yeye na mtoto tumboni. Akilimali alikuwepo. Alipokuwa bado anapumua alimpaka maji ya baraka kwenye paji la uso, akamwita jina lake, naye akafumbua macho akamtazama kama mtu anayeulizwa swali gumu.

Walimzika kesho yake, mvua ikinyesha kidogo kidogo. Akilimali alisoma sala, na alipotaka kuanzisha wimbo, Scholastique alimshika mkono.

"Yaya, apana imba."

"Ni desturi, dada."

"Najua. Lakini leo apana. Acha tu mvua."

Wakasimama kimya, wote, hata waliokuja kwa ajili ya kuimba. Wachimbaji walikuwa wameitwa kaburi jingine, hivyo Akilimali alichukua jembe akafukia mwenyewe. Scholastique alikaa matopeni akasawazisha udongo kwa viganja, taratibu, kama mtu anayemtandikia mtoto kitanda.

Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, juu kwenye tangi la maji. Akilimali alipanda huko, akampa Irène habari. Irène akamwambia kwamba Padri Ildephonse alipita kumwangalia, akamletea unga, na kwamba saa tatu imerudishwa kwa vijana, maana waliobaki ni wale wale wazee.

"Prudence amekwisha kwenda," Irène alisema. "Unarudi lini?"

Akilimali alitazama chini. Mbele ya turubai watu walikuwa wamekwisha kaa wakingoja darasa, wengine wakiwa na plastiki kichwani.

"Hapa kuna watoto wa kubatizwa Pasaka," alisema. "Na Scholastique hali chakula."

"Basi hurudi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema." Sauti ya Irène haikuwa na hasira tena. "Uliacha kanzu yako kwenye kamba. Nimeifua, nimeipiga pasi. Nani anakuja huko nimpe ailete?"

Akilimali aliwafikiria watu wote wa Buyenzi anaowafahamu, mmoja mmoja. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akija kambini.