Bei ya Salfa Iliyoruka Mstari

Saa moja na nusu asubuhi, Mkomaindo, mjini Masasi. Agatha Chilumba ameegemeza rula ya mbao kwenye kioo cha kompyuta, anashuka nayo bidhaa moja moja: bomba la kupulizia, mbegu za ufuta, salfa. Kila jina analilinganisha na bei yake. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Tena amekatazwa.

"Wanasema nachelewesha duka," anasema, akicheka cheko lisilo na furaha.

Agatha (38) ni karani wa kampuni binafsi ya pembejeo, mojawapo ya zilizomiminika Masasi na Newala tangu biashara ya korosho iachiwe huru. Analipwa Sh65,000 kwa mwezi. Kila msimu makao makuu Dar es Salaam hutuma disketi yenye bidhaa 412 na bei zake. Yeye huziingiza zote kwa mkupuo kwenye kompyuta, ambayo pia hutunza majina ya wateja na kila walichonunua.

Julai mwaka jana disketi ilifika duka likikaribia kufunguliwa. Akaamriwa aiingize hivyo hivyo.

Huko Dar mtu alikuwa ameruka mstari. Salfa ikabeba bei ya dawa ya maji iliyoandikwa juu yake: Sh19,500 kwa mfuko badala ya Sh9,000. Wakulima waliouliza walijibiwa, "Ndiyo soko huria hilo!"

Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja wa Newala, aliyekuja na fedha za mifuko minne.

"Shikamoo, Baba Nikolao," Agatha alimwamkia.

"Marahaba, Mama Julia. Mbona mnatuchinja?"

Alinunua mfuko mmoja, akaondoka. Agatha akairudia orodha.

"Nilipoliona kosa, sikungoja jioni," anakumbuka. Alimwendea meneja. Jibu lilikuwa fupi: "Bei imetoka Dar. Kazi yako kuingiza, si kufikiri."

Siku tatu alinyamaza. Ya nne, bila kumuuliza mtu, alirudisha bei za zamani, akachapa majina ya wateja 61 waliolanguliwa na kuyabandika mlangoni.

Watu walifurika, stakabadhi mkononi, na kampuni ikalazimika kurudisha fedha. Agatha akasimamishwa wiki mbili bila mshahara. Barua aliyopewa ilitaja "uzembe wa karani".

Baba Nikolao alirudishiwa chake, lakini ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, ulikuwa umeshakausha maua ya mikorosho yake.

"Fedha nimepata, msimu sikupata," anasema kwa hasira. "Halafu wanamsingizia Mama Julia! Bila yeye tungejua nini?"

Agatha amekataa kuisaini barua hiyo. Jumatatu anakwenda nayo kwa ofisa kazi. Anataka pia iwe kanuni kwamba hakuna orodha itakayoingizwa kabla karani hajaikagua.

"Waichane, waandike nyingine yenye jina la aliyekosea," anasema. "Kosa langu nimelisema mwenyewe: nilinyamaza siku tatu. Hizo nitazijibu kwa Mungu. Makosa yao wayajibu wao, tena hapa hapa Masasi."