Goti Lisilouma

Goti langu la kushoto lilikuwa linauma. Liliniuma mwaka ule wote, nami nikalikana mbele ya padri, mbele ya matroni, mbele ya mama yangu mzazi na mbele ya yeyote aliyeniona nikishuka ngazi huku nimeshika ukuta. Ningekuwa mkulima wa pamba au mwuza dagaa, jambo hili lisingestahili hata sentensi moja. Lakini kazi yangu ilikuwa magoti. Nilikuwa mtaalamu wa viungo katika hospitali moja ya Musoma, na mwaka ule nilikuwa nikifanya utafiti kuhusu maumivu ya magoti kwa watu wanaokimbia, chini ya mwalimu wangu wa chuo kikuu aliyekuwa Dar es Salaam. Yaani nilizunguka Musoma, Bunda na Butiama nikiwauliza watu kama magoti yao yanauma, la kwangu likiuma njia nzima.

Sababu ya kukana ilikuwa moja tu: mimi mwenyewe nilikuwa mkimbiaji. Msinifikirie makubwa. Nilikuwa mmoja wa wanawake waliokimbia mbio za nyika katika timu ya watumishi wa mkoa, pamoja na walimu, wauguzi na makarani, na wengi wetu tuliingia timu kwa kuwa hapakuwa na wengine. Mashindano ya taifa yalikuwa yanakaribia. Afisa utamaduni, aliposikia kuna mtu hospitalini anachunguza magoti, akaona amepata mtaalamu wa bure. Akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayesema goti la nani lisafiri na la nani libaki. Hakuuliza nani atalikagua goti la mkaguzi. Sikumkumbusha.

Nilitaka sana kwenda. Nikiwa sekondari, miaka ile ya shida, sabuni ikiwa ya foleni na sukari tukiisikia kama habari za nchi ya mbali, nilichaguliwa kuuwakilisha mkoa kwenye mbio. Asubuhi ya safari tulipanga mabegi yetu uwanjani na kungoja gari. Gari lilikuwepo, na dereva alikuwepo, amevaa hata tai. Dizeli ndiyo haikuwepo. Tulikaa juu ya mabegi mpaka jua likatuchoma, kisha mwalimu wa michezo akatuambia kwamba kwa kuwa tumeshaamka, basi twende tukapalilie shamba la shule. Nilipalilia mihogo nikiwa na jezi ya mkoa ndani ya sare. Jioni wakaichukua. Tangu hapo nilikuwa na hamu moja ya kitoto ambayo shahada haikuniondolea: kuivaa jezi ile mbele ya watu wasionijua, hata nikimaliza wa mwisho, hata wakinizomea. Sasa nilikuwa nimevuka miaka thelathini na dizeli ilikuwa inauzwa kila mahali. Kilichobaki ni goti.

Na goti liliharibiwa na ruksa, ile ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Kabla ya hapo tulikimbia peku, au kwa raba za turubai zilizotoboka kidoleni. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakafika mtaa wa Mukendo, hapa Musoma, na siku moja katikati ya mashati na makoti ya baridi nikaona viatu vya kukimbilia, vyeupe, vina soli nene kama mkate. Vilinienea. Niliwazuia wanunuzi wengine kwa kiwiko. Nyumbani nikaona soli zimelika upande wa ndani. Mwenyewe wa kwanza, mtu wa Ulaya nisiyemjua, alikuwa akikanyagia ndani. Mimi hukanyagia nje. Kwa hiyo kila nilipokimbia tulikimbia wawili, yeye akivutia kwake na mimi kwangu, na aliyeumia ni goti lililokuwa katikati.

Haya nayaeleza vizuri kwa sababu niliyafundisha. Niliwaambia wakimbiaji wote: weka kiatu mezani, kitazame kwa nyuma, kikilala upande mmoja usikimbilie. Niliwafundisha hivyo nikiwa nimevaa vile vyeupe. Vilikuwa vizuri mno, jamani.

Goti la namna ile halisumbui sana mtu akikimbia tambarare. Husumbua ukishuka mlima, ukikaa muda mrefu, ukichuchumaa, ukipiga magoti. Chooni nilianza kushika mlango. Kanisani, wengine walipopiga magoti, mimi niliinama kidogo mbele ya benchi kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Padri aliliona hilo. Akaniita baada ya misa.

"Mwanangu, umehamia kwa walokole?"

"Hapana, Padri."

"Maana wao ndio hawapigagi magoti kama sisi."

"Ni uchovu tu, Padri. Kazi nyingi."

"Goti halina shida?"

"Halina, Padri."

Nilimdanganya padri kwenye ngazi za kanisa, kisha nikazishuka ngazi hizo moja moja, akinitazama.

Turudi kwenye utafiti. Swali langu la kwanza kwa kila mkimbiaji lilikuwa: "Je, goti linakuuma?" Nilianza na wa Musoma. Haliumi. Nikaenda Bunda, ambako watu wa timu walikuwa wakikimbia kwenye ule udongo mweusi wa mashamba ya pamba unaoganda kwenye kiatu mpaka mguu unakuwa na uzito wa mtoto. Haliumi. Nikaenda Butiama, ambako njia ni kupanda na kushuka katikati ya mawe. Haliumi hata kidogo, daktari, asante kwa kuuliza. Kwa majibu yale, mkoa wa Mara ulikuwa na magoti bora kuliko yote duniani, na utafiti wangu ulikuwa umekufa.

Mtu wa Dar angesamehewa swali lile. Mimi nimezaliwa Bukima, humu humu Mara. Nilijua tangu sijajua kusoma kwamba kwetu mtu hulia akifiwa, halii akiumia. Mtoto anayekunja uso mbele ya maumivu hajiaibishi peke yake, anaaibisha baba yake, baba zake wadogo na ukoo mzima mpaka kwa wajomba. Nimeona mzee wetu mmoja akivunjika mkono na kusalimia watu njia nzima kwenda zahanati. Halafu mimi, binti wa watu hao, nikaenda chuo kikuu, nikarudi, nikawasimamisha watu wa kwetu mbele ya wenzao na kuwauliza kama wanaumia. Nilisahau kabisa. Ila namna ya kujibu sikuisahau. Nilipoulizwa mwenyewe nilijibu kama wao, papo hapo, bila kufikiri.

Kilichoniokoa ni umbea. Nilikuwa Butiama, nimekaa na mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndiye aliyekuwa kapteni wa timu yetu ya wanawake. Nilikuwa nimemaliza maswali, hana maumivu, tunakula viazi.

"Mimi mzima kabisa," akasema. "Ila yule karani wetu wa Bunda, dada yangu, ule mguu ni wa kuombewa."

"Karani aliniambia hana shida."

"Akuambie nini? We mwangalie akishuka kilima. Anashukaga ubavu ubavu kama kaa."

Nikaweka kiazi chini. Kesho yake nilikuwa Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba alikokuwa akifanya kazi yule karani, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Sikumwuliza chochote kuhusu yeye.

"Eti kapteni wetu anaendeleaje?"

"Yule mwalimu?" Akatazama huku na huku, nyuzi za pamba zimemjaa kichwani kama mvi. "Usimwambie nimesema. Darasani haandikagi ubao wa chini. Anawaandikisha watoto. Hawezi kuchuchumaa."

Basi nikarudi kwa kila mkimbiaji, nikauliza kuhusu wenzake. Nilipata maumivu mengi kuliko niliyoweza kuyabeba. Watu ambao wasingekiri jipu lao wenyewe waliniambia kwa huruma na kwa undani kuhusu magoti ya jirani: la kulia au la kushoto, linalia au halilii, lilianza wakati wa mavuno au baada ya Krismasi. Nikaweka kanuni: mkimbiaji atakayetajwa na wenzake wawili lazima apimwe. Mwalimu wangu wa Dar aliipenda kanuni hiyo, nami nikatembea wiki nzima nimeinua kidevu.

Kipimo kilikuwa rahisi. Mtu anasimama kwa mguu mmoja kwenye ngazi ya baraza la hospitali, anakunja goti polepole mpaka kisigino cha mguu mwingine kiguse chini. Karani wa Bunda alikifanya akiwa na uso mkavu kama wa mtu anayesikiliza taarifa ya habari, lakini goti lake lilitetemeka na kuingia ndani kama mlango uliolegea bawaba. Kapteni naye vivyo hivyo. Niliwapa mazoezi ya mapaja na nyonga, nikawazuia milima kwa muda, nikavitupa viatu vyao vibovu. Walipona vizuri. Goti la mkimbiaji halina kisasi, likipunguziwa mzigo na likiimarishwa misuli yake hutulia. Na hata wale ambao hawakutulia kwa wakati walikubali kubaki, bila kelele, kwa sababu niliwaeleza kwa upole mkubwa kwamba kukimbia juu ya maumivu ni kuharibu miaka ijayo kwa ajili ya siku moja.

Wakati kapteni alipokuja Musoma kupimwa mara ya mwisho, nilimkumbusha kwamba bado hajaniambia habari za wenzake wengine.

"Mwingine namwonea aibu kumtaja," akasema.

"Sema tu. Ni siri."

"Si wewe, daktari? Ukimaliza kukimbia unakumbatia ukuta kama mjamzito."

"Nanyoosha misuli."

"Misuli ya ukuta?"

Karani, aliyekuwa amekaa pembeni akifunga viatu, akacheka mpaka akakohoa. "Hata mimi nilitaka kusema," akasema. "Niliogopa utaniongezea mazoezi."

Wawili. Kanuni ilikuwa yangu. Ngazi ilikuwa pale pale, hatua chache kutoka nilipokaa. Nikawaambia muda umekwisha na kuna wagonjwa wananingoja, nikaenda zangu, nikizunguka kwa nyuma ya wodi ili nisishuke ngazi ile wakiniona.

Siku chache kabla ya safari mwalimu wangu wa Dar akapiga simu. Simu ya hospitali yetu ilikuwa kwenye ofisi ya matroni, na mlango wa ofisi hiyo haukufungika tangu kitasa kilipoharibika, na nje yake ndipo lilipokuwa benchi la wagonjwa. Asubuhi ile benchi lilikuwa limejaa. Akina mama wa kijiji cha Kiriba na watoto wao, wazee na fimbo zao, na mwishoni mwa benchi kapteni na karani, waliokuja kuchukua uthibitisho wa kusafiri. Matroni akanipa mkonga wa simu na hakutoka.

"Habari za wakimbiaji?" mwalimu akauliza. Sauti yake ilikuja kama inatoka ndani ya mtungi.

"Nzuri, mwalimu. Kazi imekamilika."

"Nini? Sikusikii!"

"Kazi imekamilika!"

"Wote waliotajwa na wenzao umewapima?"

"Wote," nikasema. Kisha sijui ni nini kilichonipata. Nadhani nilikuwa nimewahubiria watu mno kuhusu kanuni ile. "Isipokuwa mmoja."

"Isipokuwa nani?"

"Mmoja wa hapa Musoma."

"Sema kwa sauti, laini mbaya! Nani?"

Nikageukia dirishani, nikafunika mdomo kwa kiganja. "Mimi."

"Nani?"

"Mimi, mwalimu."

"Binti, sisikii kitu! Piga kelele!"

"MIMI!"

Benchi zima likanigeukia. Hata mtoto aliyekuwa analia akanyamaza kusikiliza.

"Wewe? Goti linakuuma?"

"Kidogo."

"Nini?"

"LINANIUMA!"

Matroni aliweka kalamu chini. Nilipiga kelele ile kwa sauti ambayo mama yangu, kama upepo wa ziwa ungekuwa upande wake, angeisikia Bukima na kujifunika uso.

"Ukipanda au ukishuka?" Alikuwa ananiuliza vile vile nilivyowauliza wengine, kwa mpangilio ule ule.

"UKISHUKA!"

"Na ukichuchumaa?"

"NA UKICHUCHUMAA!"

"Tangu lini?"

"TANGU NIANZE UTAFITI!"

Kukawa na mkwaruzo mrefu kwenye simu. Nilidhani amecheka, lakini huenda ilikuwa laini. Nilimwomba Mungu laini ikatike. Miaka ile zilikatika kila mara, mtu akiwa katikati ya habari za msiba. Hiyo haikukatika.

"Sasa huyo mgonjwa," akasema, "safari ni lini?"

"IJUMAA!"

"Na wewe ndiye unayeamua. Unamwambia nini?"

Nilijua jibu. Nilikuwa nimelisema kwa upole mara nyingi, kwa watu waliolitaka jambo lile kama mimi. Nikaliona kichwani lile gari la mkoa, safari hii limejaa dizeli, likiondoka.

"Abaki," nikasema.

"Sikusikii."

"ABAKI!"

"Haya," akasema mwalimu. "Amesikia?"

Kwenye benchi, kapteni akajibu kabla yangu. "Tumesikia wote, dada. Kata simu, upumzike."